Umeneja wa uzalishaji: mdogo wangu amekataa kuomba, na sababu aliyonipa ni mimi

Mama Minofu, Mwanza
Jumapili, saa 2:15 usiku

Wakubwa shikamooni, wengine habari za Jumapili. Naomba ushauri wa watu wanaozijua kazi za viwandani, hasa kina mama mliowahi kupewa madaraka au kuyakosa.

Niko kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, mwaka wa 14 sasa. Niliingia kama mkaguzi wa ubora nikitokea chuo cha uvuvi Nyegezi, leo idara hiyo naiongoza mimi. Wiki iliyopita limebandikwa tangazo la nafasi ya meneja wa uzalishaji. Wanaanza na waombaji wa ndani, na zimebaki siku 12.

Kwa asiyejua, meneja wa uzalishaji ndiye anayeshika kiwanda. Samaki wapokelewe tani ngapi, wakataji waitwe wangapi, shifti iishe saa ngapi, kontena lifungwe lini, yote yanapita kwake. Sisi wa ubora tunaweza kuusimamisha mzigo, lakini hatuupangi. Tangu nifike pale hajathibitishwa mwanamke hata mmoja kwenye kiti hicho. Na ukiingia ndani, kwenye meza za kusafisha minofu, karibu kila kofia nyeupe unayoiona kichwa chake ni cha mwanamke.

Ninayetaka aombe ni supavaiza wa shifti ya usiku, ana miaka 33 na watoto wawili. Niwape kisa kimoja mjue namzungumzia mtu wa namna gani.

Masika ya mwaka jana, saa 7 usiku, liliingia gari la wakala mmoja mkubwa. Boti lao lilikuwa limeharibika injini ziwani, wakachelewa, barafu ikabaki maji. Mkaguzi wangu wa zamu alikuwa kijana mgeni, mkono unamtetemeka. Mdogo wangu akapanda mwenyewe kwenye gari na gambuti zake. Wale samaki wa juu hakuwagusa, alitoa kreti ya chini kabisa. Akachoma kipimajoto kwenye nyama nene nyuma ya kichwa, kikasoma digrii 9, na sisi mwisho wetu ni 4. Akafunua mashavu, wekundu ulishageuka kahawia. Wakala akaanza kufoka, akapiga simu, akamsogezea: "Ongea na bosi." Akajibu, "Mwambie nitampigia nikimaliza kupima." Akapima kreti moja moja, karibu saa nzima. Zilizofaa zikaingia, zisizofaa zikabaki garini, karatasi ikasainiwa. Muda wote huo wakataji 18 hawakukaa bure, alishawahamishia kwenye kazi ya kutoa mifupa midogo iliyokuwa imelala tangu jioni. Na kabla gari halijaondoka akawapelekea vijana wa yule wakala chai, maana walikuwa wameloa tangu mchana. Nilipofika asubuhi nilikuta kila kitu kimeandikwa. Mimi namwona ni meneja tayari.

Alhamisi nikamfuata chumba cha kubadilishia nguo, anavua gambuti. Nikamwambia omba ile nafasi. Akaniangalia, akasema taratibu: "Dada, wewe ulikaimu miezi 14. Nilikuwa nakuona."

Nilikosa la kusema, kwa sababu ni kweli. Miaka michache nyuma meneja wetu aliondoka, nikaambiwa shikilia. Barua sikupewa, posho ya kukaimu sikupewa. Nilishika idara mbili, naingia saa 11 alfajiri, natoka saa 5 usiku. Mwanangu wa mwisho alizoea kumwita dada yangu "mama", mimi akawa ananiita kwa jina. Mwisho wa yote akaletwa mwanaume kutoka nje, na mimi ndiye niliyeambiwa nimfundishe kazi wiki tatu. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba nafasi ilitangazwa na sikuomba. Na kweli sikuomba. Nilidhani kazi yangu imeshaniombea.

Sababu yake ya pili ni njia. Anakaa Bugarika, juu kabisa kwenye mawe. Gari la kiwanda linamshusha barabarani, kutoka hapo anapanda kwa miguu dakika 20, katikati ya majabali, hakuna taa. Sasa hivi angalau anajua shifti yake inaisha saa ngapi. Meneja anaitwa saa yoyote.

Nimwambie nini mtu ambaye ushahidi wake wa kukataa ni mimi mwenyewe? Naomba msiniambie "mwambie wanawake tunaweza". Hayo tunayasikia kila Machi 8, tunavaa kitenge cha sare, tunapiga picha, na tarehe 9 ratiba ya shifti ni ileile.

---

Mzee wa Mapokezi
Jumapili, saa 3:50 usiku

Marahaba binti yangu. Nilikaa uzalishaji miaka 22, kwenye viwanda viwili tofauti hapahapa Mwanza, sasa nimepumzika.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa ajili ya uvuvi wa sumu, nilikuwa supavaiza. Mashine zilikaa kimya, wakataji wakarudi kuuza nyanya. Soko lilipofunguliwa tulikuwa tumeshaelewa kwamba bila karatasi za ubora hakuna kontena linaloondoka. Idara za ubora zikapanuka, vijana wenye vyeti wakaajiriwa, na pale kwetu wengi walikuwa mabinti. Tulisema wana mkono wa usafi. Nilisema hivyo na mimi, kwa mdomo wangu huu. Leo naona tulichofanya: tuliwafungulia mlango mmoja, tukaufanya ndio chumba chao. Ubora kwa wanawake, mishahara na masjala kwa wanawake, halafu uzalishaji, ambako ndiko hutafutwa mkurugenzi, tukabaki sisi.

Kwa hiyo nakuonya jambo moja. Huyo mdogo wako kwenye usaili hawatamuuliza digrii 4. Watamuuliza hela. Kilo 100 za sangara mzima, shifti yake inatoa minofu kilo ngapi? Ikishuka kilo mbili, zimepotelea wapi: kwenye kisu butu, kwenye samaki aliyelala, au kwa mkataji aliyechoka saa 10 alfajiri? Umeme ukikatika na friza zimejaa, jenereta linakula dizeli kiasi gani kwa saa, na uamuzi wa kupunguza mzigo unautoa saa ngapi? Na mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, asiyasahau. Bei ya kilo ya bondo iko mbali sana na bei ya mnofu, na mameneja wengi wamepotelea hapo, kwa hesabu zisizofungwa.

Hayo hayafundishwi darasani. Mimi nilifundishwa na aliyenitangulia, jioni baada ya kazi, kwa sababu tulikuwa tunakaa pamoja. Wanawake hawakuwa wakikaa pale, kwa hiyo hawakufundishwa. Niko Pasiansi. Jumamosi mlete, nitamkalisha na madaftari yangu kuanzia saa 4 asubuhi mpaka achoke.

---

Kijana wa Nyasaka
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Dada samahani, lakini mtu akikataa amekataa. Nafasi ipewe mwenye uwezo na mwenye nia, awe mke au mume. Kumbembeleza mtu aombe ukubwa mimi naona si sawa kwa wengine wanaoutaka.

---

Mama Minofu, Mwanza
Jumatatu, saa 6:30 mchana

Kijana wa Nyasaka, nimekuelewa. Nikuulize tu: nafasi uliyonayo leo, nani alikuambia kwamba ipo? Kwetu pale mameneja wote watatu niliowaona waliitwa pembeni na mtu wakaambiwa "omba bwana". Hakuna aliyesema huko ni kubembeleza. Yule aliyepanda kwenye gari saa 7 usiku hakuna aliyemwita pembeni mpaka Alhamisi iliyopita, na nimeumia kwamba nimechelewa hivyo.

---

Niliyekataa
Jumatatu, saa 4:20 usiku

Dada, mimi ndiye huyo mdogo wako, ila niko Musoma, na mambo yangu yalitokea kiwanda kingine kabisa.

Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano. Jopo la usaili wanaume wanne. Swali la kwanza: "Mumeo ameridhia?" La pili: "Una mpango wa kuzaa tena karibuni?" Swali la samaki lilikuja la tano. Nilijibu yote, nikafaulu, wakanipigia simu, nikakataa. Watu wakasema nimeogopa.

Kazi sikuiogopa. Nilikaa na mume wangu mezani tukaandika. Nyongeza ya mshahara ilitosha kumlipa dada wa kulala na watoto, pamoja na bodaboda ya usiku. Ikibaki, ni elfu kumi na kitu. Na ovataimu niliyokuwa naipata nikiwa supavaiza ingeisha, kwa sababu meneja halipwi ovataimu. Yaani ningewaacha watoto usiku ili nirudi na pesa pungufu. Tukafuta, tukalala.

Nilichokuja kujua baadaye ndicho kinachonichoma mpaka leo. Mwenzangu wa kiume aliyepewa nafasi hiyo alipopigiwa simu alisema "hiyo pesa haitoshi", na siku hiyohiyo wakamwongezea. Mimi sikujua kama inajadilika. Hakuna aliyeniambia. Nilidhani ile namba imeshaandikwa na Mungu.

Kama unampenda huyo binti, mwambie hilo kabla ya mengine yote. Mshahara unajadilika. Gari linajadilika. Na mwambie wewe, si karatasi.

Halafu dada, nimesoma ulichoandika mara mbili. Mbona huombi wewe?

---

Mweka Hazina wa Mwalo
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Mimi sijasoma kama ninyi, ni mama wa dagaa, Ukerewe. Nina chanja zangu za kuanikia na mtumbwi mmoja ninaoukodisha. Lakini naona kisa chenu ni chetu.

Kwenye kamati ya BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo wetu wa kushushia samaki, nimekuwa mweka hazina vipindi viwili. Mwongozo unataka wanawake tuwemo kwenye kamati, basi tunawekwa. Kila uchaguzi wanaume wanasimama wanasema, "Mama huyu hana tamaa, apewe hela atunze." Ninafurahi. Wanapiga makofi. Kisha uenyekiti unaenda kwa mwingine. Nilichukua muda mrefu kutambua kwamba sanduku ninalo mimi ila funguo ya maamuzi iko kwao: doria iende lini, nani akamatwe na samaki wa chini ya sentimita 50, faini ifanye nini. Mimi naandika tu risiti.

Na Ukerewe hii ndiyo iliyomzaa mama Gertrude Mongella. Aliongoza mkutano wa Beijing mwaka 1995 akiwa Katibu Mkuu wake, mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Wanawake wa hapa wote tunalijua jina hilo, tunalitaja kwenye sherehe. Lakini hatukuwahi kuulizana imekuwaje mtu atoke hapa akaongoze Afrika, halafu mwaloni tukose mwenyekiti.

Safari ijayo nagombea uenyekiti. Nimeshawaambia mapema ili wasije kunisifia kutunza hela.

---

Afisa Ajira, Ilemela
Jumanne, saa 7:10 mchana

Nafanya kazi ya rasilimali watu, niongeze ya kisheria kidogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, kwa ujauzito au kwa hali yake ya ndoa, na kubaguliwa kunaanzia kwenye usaili. Yale maswali mawili ya Musoma hayakuwa na haki ya kuwepo mezani. Sheria hiyohiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa muda wa kunyonyesha wa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Lakini mwenzetu wa Musoma amegusa penyewe, na wengi hawapajui. Masharti ya saa za kazi kwenye sheria hiyo, pamoja na ovataimu na nyongeza ya usiku, hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukishakuwa meneja wa namna hiyo, ulinzi huo unauacha mlangoni. Kinachobaki kukulinda ni mkataba wako. Kwa hiyo yaandikwe humo: usiku wa kuitwa ni mingapi kwa wiki, usafiri unafika wapi, nani anashika ukiwa likizo. Na akiombwa kukaimu, aombe barua siku hiyohiyo yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na posho. Hata mistari minne inatosha. Mama Minofu, miezi yako 14 ilipotea kwa sababu haina karatasi.

Pia Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kina programu inaitwa Mwanamke Kiongozi, inawaandaa wanawake kwa nafasi za juu na za bodi. Mwajiri ndiye anayempeleka mtu. Ulizeni kama kampuni yenu ni mwanachama.

---

Mama Minofu, Mwanza
Alhamisi, saa 3:30 usiku

Wabeja sana ndugu zangu. Nimewasoma wote, mengine nimeyasoma nikiwa nimesimama mapokezi nasubiri gari.

Jumatano nilikaa naye saa nzima. Nilianza na lile la Musoma, kwamba mshahara unajadilika. Alinyamaza, halafu akaniuliza, "Tangu lini?" Ana miaka tisa kazini. Nikamwambia na la miezi 14 jinsi lilivyokuwa, nikaongeza lile nililokuwa namficha kila mtu, kwamba sikuwahi kujaza fomu. Alikuwa anaamini niliomba nikakataliwa. Miaka yote hii alikuwa amebeba picha ambayo si yenyewe, na mimi nilimwacha nayo kwa sababu ilinisitiri.

Kuhusu njia ya Bugarika. Jumanne jioni nilichukua ratiba ya shifti za usiku nikaipanga upya kwenye daftari. Ratiba yetu inafuata meza: wa kuchuna ngozi pamoja, wa kusafisha pamoja, wa friza pamoja. Nikaandika mbele ya kila jina anakokaa. Kumbe Bugarika na Igogo tuna watu saba, wanaume watatu na wanawake wanne, na hakuna wiki hata moja ambayo zaidi ya wawili wanatoka usiku mmoja. Kila mtu anapanda lile jabali peke yake, siku yake. Nimewakusanya wote saba kwenye shifti moja, na meza hazijapungukiwa mtu. Dereva wetu, baba mmoja mtaratibu sana, nilipomweleza akasema hata yeye huwa hana amani akiwashusha pale. Amesema atakuwa anageuza gari taa zielekee mlimani, na hataondoka mpaka wa mwisho apige simu kwamba amefunga mlango. Meneja mkuu ameikubali ratiba. Inaanza Jumatatu, na itawafaa hao saba hata kama mdogo wangu hatapata chochote.

Afisa Ajira, yale ya mkataba nimeyaandika kwa mkono kwenye karatasi moja nikampa. Ameikunja ameiweka ndani ya kava la simu.

Mweka Hazina, siku ya uchaguzi wenu nikipata ruhusa navuka na kivuko kuja Nansio.

Niliyekataa, uliniuliza mbona siombi mimi. Nilitaka kukujibu kwamba umri umeenda, nina miaka 49, wacha wadogo wapite. Nikaiandika, nikaifuta. Jana tukiwa tunamaliza, mdogo wangu naye akaniuliza vilevile, kwa maneno karibu hayohayo. Akasema, "Nitajaza ukijaza. Wakimchukua mwingine, safari hii wasiseme hatukuomba." Leo mchana tumekwenda utumishi pamoja. Yule kijana wa masjala akatupa fomu moja, akidhani mmoja wetu amesindikiza. Nikamwambia ongeza nyingine.

Mzee wangu, Jumamosi saa 4 tunakuja wawili. Tutakuja na hesabu za shifti yake za miezi mitatu, ila za dizeli hatuna, huwa hazifiki kwetu. Naomba utuanzie hapo.